Mchane, usimnyoe: paka wa manyoya mazito na msimu wa kupukutika

Mama yangu yuko Unguja, mimi niko Muscat, na kila mwaka ikifika mwezi wa tano simu yetu moja lazima iwe ya paka. Anamuona Pamba kwenye video kalala chini ya kiyoyozi, mweupe, kajaa manyoya kama mto wa sufi, basi anaanza: "Mwanangu, huyo kiumbe unamvika koti na jua lote hilo la Arabuni, si umnyoe apumue?" Na si mama peke yake, jirani anasema, dereva teksi aliyetupeleka kliniki alisema, na mwaka wa kwanza nilikuwa sijui kitu nikawasikiliza, nikampeleka saluni moja ya wanyama wakampitisha mashine mwili mzima wakaacha kichwa na mkia, nikarudi nyumbani na paka anatetemeka, kajificha nyuma ya mashine ya kufulia siku mbili, kwapani ana mkato na tumbo lote limekuwa jekundu. Manyoya yalirudi baada ya miezi, tena yalirudi mafupi huku marefu kule, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mwaka uliofuata alimwaga manyoya vilevile, kochi lile lile, baibui lile lile jeusi limejaa nywele nyeupe kila nikitoka.

Ndo nikaanza kuuliza kwa daktari wake na kusoma, na nikagundua jambo hili watu wengi tumelishika kichwa chini miguu juu. Tunadhani joto ndo linamtoa paka manyoya, tunadhani manyoya ndo yanamchoma, tunadhani ukiyaondoa yote umemaliza kazi. Kila moja ya hizo tatu ina kipande cha ukweli ndani yake na ndo maana zinadanganya.

Anza na manyoya yenyewe. Paka mwenye manyoya mazito hana nywele za aina moja. Juu kuna nywele ndefu, ngumu kidogo, zinang'aa, hizo ndo unaziona, ndo zinabeba rangi, zinakinga jua na maji. Chini yake kuna nywele za wastani. Halafu chini kabisa, karibu na ngozi, kuna vinywele vyembamba vilivyojikunja kunja, vilaini mno, mimi naviita sufi manake ukivishika ni sawa na ile sufi mabibi zetu walikuwa wanajazia mito. Kitundu kimoja tu kwenye ngozi ya paka kinaweza kutoa unywele mmoja mnene na vingine vyembamba kadhaa vimeuzunguka, kwa hiyo hesabu ya sufi inazidi nywele za juu mara nyingi sana. Kinachomwagika kwa wingi msimu ukifika ni hiyo sufi. Nywele za juu zinatoka pia ila kidogo kidogo.

Sasa sufi hii haikugawiwa sawa. Paka wetu wa pwani, wale wembamba wa Lamu na mitaa ya Mji Mkongwe, wana koti fupi limelala kwenye ngozi, na yule Sokoke wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ambaye Wagiriama wanamwita khadzonzo, sufi yake ni kidogo sana, karibu hana, ukimpitishia mkono unahisi mwili moja kwa moja. Huyo kitana anakitumia kwa anasa tu. Upande wa pili kuna Maine Coon, Norwegian Forest Cat na Siberian, hao ni watoto wa baridi kali, wanajaza sufi kabla ya theluji na kuimwaga mabonge mabonge baridi ikiisha. British Shorthair anawadanganya wengi, koti lake fupi lakini limeshona nene kama zulia, anamwaga kuliko unavyotarajia. Turkish Angora naye kinyume chake, manyoya marefu ya hariri lakini sufi haba, hajifungi mafundo sana. Na juu ya wote yupo paka wa Kiajemi, Persian, ambaye huku Ghuba tunamwita Shirazi, sufi nyingi, ndefu, laini, yaani kila sifa inayosababisha matatizo imewekwa kwa kiumbe mmoja.

Urefu huo una sababu. Kuna jeni inaitwa FGF5 ambayo kazi yake ni kuuambia unywele basi, acha kukua. Paka wa nywele ndefu amerithi kwa baba na kwa mama jeni hiyo ikiwa na hitilafu, kwa hiyo amri ya kusimama inachelewa na unywele unaendelea kurefuka. Mwisho unasimama, unapumzika, unakufa, unaachia. Ila ukiachia hauanguki chini kama wa paka mfupi, unabaki umenasa katikati ya wenzake walio hai, na hapo ndo shida ya huyu paka inapozaliwa, lakini nitarudi hapo.

Kwanza taa. Kinachomwambia paka sasa mwaga koti si joto, ni mwanga, yaani urefu wa siku. Giza likiingia kwenye macho yake, tezi moja ndogo ndani ya ubongo inatoa homoni ya melatonini. Usiku ukiwa mrefu melatonini inatoka kwa muda mrefu, mwili unajua ni majira ya baridi, shikilia koti. Siku zikianza kurefuka melatonini inapungua, homoni nyingine ya prolaktini inapanda, na vitundu vya nywele vinaamka kusukuma unywele mpya na kuuachia wa zamani. Joto linachangia, chakula na afya pia, ila anayepiga kengele ni mwanga. Ndo maana kule Norway na Sweden paka anayetoka nje anamwaga koti la baridi kwa wiki chache tu kama mtu kavua, maana Oslo siku fupi na siku ndefu ya mwaka zinapishana zaidi ya masaa 12. Muscat zinapishana kama masaa 3. Unguja? Kama dakika 43 tu. Kwa hiyo mama anaponiambia paka wa Kizungu wa jirani yake pale Mbweni anamwaga mwaka mzima, Kaskazi na Kusi, wala haumwi, mwili wake haupati kengele ya kueleweka.

Na sisi wa majumba ya Ghuba tumeongeza letu. Taa zinawaka mpaka saa saba usiku, Ramadhani ndo mpaka alfajiri, kiyoyozi kinavuma nyuzi 23 Januari na Julai ni ile ile, sasa paka wa ndani atajuaje mwaka uko wapi? Anamwaga kidogo kidogo kila siku, halafu kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita inazidi kwa sababu jua la dirishani bado linamfikia. Mtu akikuuliza msimu ni lini, jibu la kweli ni kwamba inategemea dirisha lako. Pamba analala kibarazani penye kioo kikubwa na kwake naanza kuona mabonge mwanzoni mwa Machi, joto hata halijachanganya.

Haya sasa koti na joto. Hapa ndo pana ubishi mkubwa na nataka nilieleze taratibu maana hata wanaosema "usinyoe kamwe, koti linampoza" wanarahisisha kupita kiasi. Koti halipozi. Koti linazuia joto kupita, kwenda na kurudi, kazi hiyo inafanywa na hewa iliyotulia katikati ya nywele. Mwili wa paka mzima una nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo. Nje kukiwa na nyuzi 45, koti linachelewesha joto la nje kuingia na kuikinga ngozi na jua. Ndani kukiwa na nyuzi 28, koti linachelewesha joto lake kutoka. Vyote viwili ni kweli. Tofauti inakuja kwenye hali ya koti. Koti lililochanwa, sufi iliyokufa imetolewa, nywele zimeachana, hewa inapita akitikisika, akijinyoosha, akikaa karibu na feni. Koti ambalo sufi ya majira ya baridi imebaki ndani imeshikana kama godoro, hewa haifiki kwenye ngozi kabisa na huyo kweli anaungua. Watu wanamuona huyu wa pili wanasema manyoya ndo tatizo, wakati tatizo ni manyoya maiti.

Halafu kuna mate. Paka hatoki jasho mwilini kama sisi, jasho lake liko kwenye vikanyagio vya miguu tu, njia yake kubwa ni kujilamba, mate yakikauka yanaondoka na joto. Mwaka 2018 watafiti wa Georgia Tech huko Marekani, Alexis Noel na David Hu, walichapisha utafiti kuhusu ulimi wa paka, wakaonyesha kwamba ile miiba midogo inayokwaruza ncha zake zina uwazi kama kijiko, zinachota mate mdomoni na kuyapeleka mpaka kwenye mizizi ya nywele, na kujilamba huko kunaweza kumpa paka kama robo ya upoaji anaohitaji. Walimpima paka wa nyumbani, walimpima na simba na chui milia, miiba ni mirefu ya kutosha kufika kwenye ngozi koti likigandamizwa na ulimi. Isipokuwa paka wa Kiajemi. Kwake miiba haifiki. Nilipolisoma hilo nilimwangalia Pamba anajilamba pale kwenye zulia na moyo ulinilainika, anajitahidi kila siku na ulimi wake haufiki.

Na haifiki kwa sababu koti hilo ni kazi ya watu. Paka wa nywele ndefu walitoka Khorasan kwenda Ulaya karne ya 17, msafiri wa Kitaliano Pietro della Valle aliandika habari zao, baadaye wafugaji wa Uingereza wakawachukua wakawazalisha kwa ajili ya maonyesho, lile la kwanza kubwa lilifanyika Crystal Palace London mwaka 1871, na leo vinasaba vya paka tunayemwita wa Kiajemi viko karibu zaidi na paka wa Ulaya kuliko wa Iran. Kila kizazi kilichaguliwa koti zito zaidi na uso bapa zaidi. Mtu alimtengenezea koti asiloweza kulisafisha mwenyewe, kwa hiyo kitana cha mtu ni sehemu ya huyo paka, kama ulimi wake wa pili.

Fundo linatokeaje basi? Unywele ukiuangalia kwa hadubini una magamba madogo yamepangana kama vigae vya paa. Sufi iliyokufa ikibaki ndani, magamba yanang'ang'aniana, paka akitembea kwapa linasugua, akilala tumbo linasugua, mafuta ya ngozi na mate yanagundisha, siku tatu nne umeshapata kijiwe, wiki mbili kimekuwa kipande cha blanketi. Na blanketi la sufu ya kondoo linatengenezwa hivyo hivyo, unyevu, joto na msuguano. Sehemu zake ni zile zile kila siku: nyuma ya masikio, chini ya ukosi, makwapani, tumboni, mapajani kwa ndani na kuzunguka mkia. Fundo likikaza linavuta ngozi kila paka akipiga hatua, chini yake panakuwa na unyevu, ngozi inachubuka, na kama ni karibu na mkia likishika kinyesi nzi wanataga mayai pale. Nimeiona funza kwa paka wa watu waliokuwa wakimpenda kweli, walikuwa wanampiga brashi kila jioni.

Brashi ndo neno la kusimama hapo. Kosa kubwa kuliko yote ni kumpiga paka brashi juu juu. Brashi laini inapita kwenye zile nywele za juu, zinang'aa, anapendeza, unapiga picha, na chini sufi inaendelea kushonana. Kifaa cha msingi ni kitana cha chuma, meno yake ya duara nchani, nusu yameachana nusu yamekaribiana. Hicho tu kikikosekana vingine vyote ni mapambo. Cha pili ni ile brashi ya vijiwaya vyembamba vilivyopinda, ambayo kabla ya kumgusa nayo paka jipitishie mwenyewe upande wa ndani wa mkono, nguvu ikikuacha na alama nyekundu basi na yeye unamchuna. Brashi ya mpira inafaa kwa British Shorthair na wenzake wafupi. Kuna na vile vyuma vyenye makali kama ya mashine vinavyouzwa kwa kutoa manyoya mengi kwa mara moja, watu wanavipenda kwa kuwa bonge linalotoka linaridhisha macho, lakini vinakata nywele za juu pamoja na sufi na ukirudia rudia sehemu moja unamwachia upara na vidonda. Mimi kwa Shirazi sivitumii kabisa.

Namna ya kuchana. Subiri ameshakula, kasinzia, usimfukuze nyumba nzima halafu utegemee atulie. Anza anapopenda, mashavuni, chini ya kidevu, mgongoni kidogo. Halafu gawa manyoya kwa vidole kama unavyomgawa mtoto nywele kumsuka, mpaka uone ngozi, chana mstari mdogo tu, anza nchani ukishuka kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi, ukimaliza huo ugawe mwingine juu yake. Ndo hivyo tu, mstari kwa mstari. Huwezi kumaliza paka mzima siku moja na hutakiwi, dakika 5 mpaka 10 zinatosha, leo ubavu huu kesho ule. Tumboni usimlaze chali ukamkandamiza, wengi wanaona wanashambuliwa, mkalishe mapajani mgongo wake kwako unyanyue mguu mmoja wa mbele, kwapa na kifua vitafunguka vyenyewe. Mkia uendee pole sana maana nywele zake zikitoka zinachukua muda mrefu kurudi. Mkia ukianza kupiga huku na huku, masikio yakilala, ngozi ya mgongo ikicheza, umefika mwisho, mwachie aondoke akiwa bado anakupenda. Kesho atarudi.

Utajuaje umemaliza? Kitana kipite kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani bila kukwama mwili mzima. Kikikwama mahali hapo hujafika hata kama panang'aa.

Kwa msimu, Shirazi ni kila siku, na nje ya msimu ni kila siku pia, huyo hana likizo. Maine Coon na Norwegian mara mbili tatu kwa wiki zinatosha, msimu ukifika kila siku. British mara moja kwa wiki, msimu mara tatu.

Ukikuta fundo tayari, kitu cha kwanza ni mkasi uurudishe droo. Nasema kwa msisitizo maana majeraha ya mkasi madaktari wanayashona kila wiki. Ngozi ya paka ni nyembamba mno na inavutika, fundo linaponyanyuliwa ngozi inapanda nalo ndani, wewe unaona manyoya unakata, kumbe umekata ngozi, na jeraha linaachana linakuwa kubwa kuliko ulivyofikiri. Shika shina la fundo kwa vidole, kati ya fundo na ngozi, ili ukivuta uvute vidole vyako na si ngozi yake, halafu nyunyiza unga kidogo wa wanga wa mahindi ule wa kukolezea supu, sugua, unakausha mafuta, kisha lifungue kutoka pembeni kwa jino la mwisho la kitana, kidogo kidogo. Poda ya watoto iache, vumbi lake anavuta na kulilamba. Na usimwogeshe paka mwenye mafundo ukidhani maji yatalainisha, maji yanalikaza fundo kama fundo la kamba ya jahazi, likikauka hulifungui tena.

Kunyoa kupo pia, sitaki mtu atoke hapa anadhani ni haramu. Paka aliyeshikana mwili mzima, koti limekuwa ganda moja, huyo kumchana ni mateso, anatakiwa anyolewe, ila na daktari, mara nyingi kwa dawa ya usingizi, maana mashine inapita kati ya ganda na ngozi na akishtuka anakatwa. Mzee mwenye maumivu ya viungo asiyeweza kukunja mgongo kujilamba, au mnene asiyefika nyuma, daktari anaweza kusema anyolewe sehemu ya nyuma na tumbo tu abaki msafi, hiyo nayo ni huruma. Ninachokikataa ni kumnyoa paka mzima wa afya kwa sababu ya kalenda. Anapoteza kinga ya jua, weupe hasa wanaungua masikio na ngozi, ndani anapata baridi ya kiyoyozi, nywele zinarudi bila mpangilio na sufi mara nyingi inatangulia nywele za juu kwa hiyo mafundo yanakuwa rahisi zaidi kuliko mwanzo. Wenye Himalayan, Siamese na Ragdoll waelewe na hili, rangi ya hao paka inapangwa na ubaridi wa ngozi, ndo maana ncha zao, masikio, uso, mkia, ni nyeusi, ukinyoa mgongo ukapoa manyoya yanaweza kurudi na doa jeusi pale uliponyoa, likakaa mpaka koti lijalo.

Kuoga. Shirazi anaoga, paka wengine hawana haja sana. Mchane kwanza mpaka kitana kipite, kisha shampuu ya paka, si ya kwako wala ya mbwa, na kuwa makini na bidhaa za viroboto za mbwa zenye permethrini maana kwa paka ni sumu, na mafuta ya mti wa chai yanayouzwa kama dawa ya asili ya ngozi nayo ni sumu kwake. Maji yawe vuguvugu. Na hapa wenzangu wa Oman na Imarati mnanielewa: Julai bomba la baridi ndo linatoa maji ya moto, tangi liko juu ya paa limechemka mchana kutwa, nimeshamuona mtu anafungua bomba la baridi moja kwa moja juu ya paka. Jaza ndoo usiku, iache bafuni ipoe, asubuhi umwogeshe. Halafu kumkausha ndo nusu ya kazi, sufi ikibaki mbichi karibu na ngozi unaalika fundo na fangasi pamoja. Taulo, kisha mashine ya kukaushia nywele moto mdogo huku unachana, mpaka mizizi ikauke. Kama hana uvumilivu huo bora asioge.

Manyoya usiyoyatoa wewe anayatoa yeye kwa ulimi na kuyameza. Keratini haisagiki tumboni, mengi yanapita na choo, yanayobaki yanasokotana anayatapika kama kijiti kirefu kilicholowa. Mara moja moja msimu huu si ajabu. Akihangaika kutapika mara kwa mara hakitoki kitu, hali, hapati choo, usingoje kesho, huenda yameziba utumbo. Kuna vilainishi vya kimea vinauzwa kwa ajili hiyo, analamba mwenyewe. Usimkamate ukammiminia mafuta ya kupikia kwa bomba la sindano, yakienda njia ya mapafu umemletea ugonjwa mwingine kabisa.

Na si kila manyoya yanayotoka ni msimu. Msimu unapunguza koti mwili mzima kwa usawa, hauachi upara. Ukiona duara limebaki ngozi, na magamba pembeni, fikiria choa, na paka wa Kiajemi wanapata sana, kinahamia kwa watoto na kwa wewe mwenyewe, vitana vyake usivishirikishe na paka mwingine. Upara wa kiunoni na mkunjo wa mkia na kujikuna, tafuta viroboto. Anayejilamba tumbo mpaka limebaki tupu anaweza kuwa na mzio, maumivu, au amefadhaika, nyumba imehama, mtoto kazaliwa. Paka mzee anayekonda huku anakula sana na koti limekuwa chafu chafu apimwe tezi la shingo. Na paka aliyekuwa anajilamba vizuri halafu akaacha, hiyo ni dalili ya ugonjwa kabla ya kuwa habari ya koti.

Usisahau chujio la kiyoyozi. Msimu wa Pamba nalifua kila wiki mbili, linakuwa limevaa koti kamili, na kiyoyozi kikishindwa kupumua chumba kinapanda joto wakati ule ule anapohitaji ubaridi. Kochi nalipitishia glavu ya mpira iliyolowa kidogo, nywele zinajikusanya zenyewe. Wenye pumu na mzio wajue nywele si adui mkubwa, kinachowasumbua ni protini inayotoka kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, nywele zinaibeba tu, kwa hiyo mchanaji asiwe yeye na kazi ifanyike mahali penye hewa.

Mwisho kuna joto lenyewe, na hapa kitana peke yake hakitoshi. Mwezi wa sita 2018 mji wa Quriyat, si mbali na hapa Muscat, ulipitisha masaa 24 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Umeme ukikatika siku kama hiyo Shirazi ndo wa kwanza kudhurika, na kinachomponza ni uso wake bapa kuliko koti, pua fupi, njia ya hewa nyembamba, hawezi kuhema vizuri. Paka kuhema mdomo wazi si jambo la kawaida kama kwa mbwa. Ukimuona anahema hivyo, ute mzito mdomoni, ufizi mwekundu sana, anayumba au kalegea, mtoe kwenye joto, mloweshe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, yafike kwenye ngozi, tumbo, makwapa, nyayo, hapo ndo utaona faida ya koti lililochanwa maana maji yanafika papo hapo, mwashie feni ya betri au mpepee kwa ukawa, usimlazimishe kunywa, ingia naye kwenye gari yenye ubaridi na mpigie daktari ukiwa njiani, hata kama anaonekana kapata nafuu.